Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuifaidi kompyuta na simu uliyonayo

Haya ni maswali tunayoulizwa karibu kila siku kwenye steshenari yetu hapa Morogoro. Wanaouliza ni wanafunzi, walimu, makatibu wa vikundi, na wazazi wanaokuja kumwombea mtoto nafasi ya chuo. Mengi huanza na "kompyuta yangu ina matatizo", lakini ukiitazama unaikuta nzima. Kuna mahali tu pa kugusa ambapo mwenyewe hakuwahi kuonyeshwa. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ili usipate shida kuyatafuta. Upande wa kompyuta nazungumzia Windows na Microsoft Office, na upande wa simu Android, kwa kuwa ndizo tunazoletewa zaidi.

Umeme umekatika kabla sijasevu. Kazi ndiyo imeenda?

Pengine bado ipo. Umeme ukirudi, fungua Word halafu utulie. Upande wa kushoto huwa inatokea orodha yenye kichwa "Document Recovery". Chagua nakala yenye saa ya karibuni zaidi, uisevu papo hapo kwa jina jipya. Orodha isipojitokeza, nenda File, Info, Manage Document, kisha Recover Unsaved Documents.

Word hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Kwa mtu mwenye kasi ya kuchapa, hizo ni aya nyingi. Ingia File, Options, Save, ile 10 uifanye 2. Fanya leo, umeme ukiwa upo. Siku moja ulikatika dada mmoja akiwa kwenye sura ya nne ya utafiti wake, na ile kompyuta ya mezani haikuwa na UPS, yaani betri ya akiba. Alishika kichwa, akasema, "Kaka, nakabidhi kesho asubuhi." Tulipoiwasha tena tulikuta kila kitu isipokuwa aya mbili za mwisho. Alizichapa upya palepale kwenye kiti, na jioni akaondoka na ripoti yake.

Kuna kosa jingine linalopoteza kazi nyingi kuliko hata umeme, nalo ni kuchapa faili likiwa ndani ya flashi. Flashi ikichomoka au ikiguswa vibaya, faili linaharibika katikati ya kusevu. Kopi faili kwenye kompyuta kwanza, lifanyie kazi huko, ukimaliza ndipo ulirudishe kwenye flashi.

Mafaili yote kwenye flashi yamegeuka njia za mkato (shortcut) na hayafunguki. Niifomati?

Usiifomati! Mafaili yako bado yamo. Kirusi cha aina hii kinayaficha, halafu kinaweka njia za mkato zenye majina yaleyale ili ukibofya, kijikopi kwenye kompyuta. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutozibofya kabisa.

Tafuta kompyuta yenye kinga ya virusi iliyosasishwa. Windows Security inayokuja na Windows 10 na 11 inatosha kwa kazi hii. Chomeka flashi, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uiskani. Kisha angalia imepewa herufi gani, tuseme E. Fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, halafu uandike hivi na ubonyeze Enter:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kama flashi yako ni F au G, badilisha herufi hiyo tu. Subiri kidogo. Ukifungua flashi utayakuta mafolda yako yamerudi, wakati mwingine yakiwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Yakopi kwenye kompyuta, uhakikishe yanafunguka, na hapo sasa unaweza kuifomati flashi bila hofu.

Nimeona watu wakifomatiwa flashi zenye picha za harusi na matokeo ya darasa zima kwa sababu aliyeombwa msaada alitaka kumaliza haraka. Inaniuma, maana amri yenyewe ni mstari mmoja. Iandike mahali.

Kwa nini Excel inakula sifuri ya mwanzo ya namba ya simu?

Kwa sababu inadhani umeandika hesabu, na kwenye hesabu 0754 na 754 ni kitu kimoja. Kabla ya kuchapa, chagua safu nzima, nenda kwenye kisanduku kilichoandikwa General hapo juu, ukibadilishe kiwe Text. Kama ni namba moja mbili tu, tanguliza alama ya ritifaa, yaani '0754, na Excel itaiacha kama ulivyoiandika.

Namba ya simu ni jambo dogo. Hatari iko kwenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ukiichapa mfululizo bila vistari, utaona kitu kama 1.99001E+19. Watu wakiona hivyo hupanua safu au hubadilisha mpangilio ili namba "irudi", na kweli inaonekana ndefu tena, lakini zile tarakimu tano za mwisho zimeshakuwa sifuri. Hazirudi hata ukigeuza safu kuwa Text baadaye. Zimekwisha kufutika pale ulipobonyeza Enter. Mwalimu mmoja alituletea orodha ya watumishi wa shule yake aliyoichapa usiku kucha, na kila namba ya NIDA ilikuwa inaishia 00000. Hatukuwa na njia ya kumsaidia zaidi ya kukaa naye na fomu za karatasi, tukaanza upya, mimi nikisoma naye akichapa. Kwa hiyo geuza safu kuwa Text kwanza, au chapa namba pamoja na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho. Namba za malipo ya serikali zenye tarakimu 12 hazipotezi kitu, ila nazo zitaonekana za ajabu mpaka ufanye hivyohivyo.

Wala si sisi peke yetu tunaoumizwa na jambo hili. Mwaka 2020 kule Uingereza, maambukizi 15,841 ya korona yalibaki nje ya hesabu za kila siku kwa muda, kwa sababu matokeo yalipitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, .xls, ambalo haliwezi kuzidi mistari 65,536. Iliyozidi haikuingia. Aina ya sasa, .xlsx, inafika mistari 1,048,576. Ukiona faili lako bado linaishia na .xls, lifungue, bonyeza F12, ulisevu upya kama .xlsx.

Nimeandika 3/4 nikimaanisha robo tatu, Excel imeweka tarehe. Nifanyeje?

Dawa ni ileile: Text kwanza au ritifaa mbele. Tabia hii ya Excel imewasumbua hata wanasayansi wa jeni. Mwaka 2020 wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walitangaza kubadilisha baadhi ya majina, mfano MARCH1 ikaitwa MARCHF1, ili Excel isiendelee kuyageuza kuwa tarehe za mwezi wa tatu.

Mimi ni katibu wa kikundi. Kila mwisho wa mwezi natafuta kwa kalamu nani hajalipa. Kuna njia nyepesi?

Ipo, mama, na ukishaizoea hutarudi kwenye kalamu. Siri yake ni kuandika kila malipo kwenye mstari wake: safu ya kwanza tarehe, ya pili jina, ya tatu kiasi, ya nne aina ya malipo, kwa mfano hisa, jamii, marejesho au faini. Usichanganye vitu viwili kwenye kisanduku kimoja, na usiache mistari mitupu katikati kwa ajili ya urembo. Makatibu wengi hutengeneza jedwali zuri la kutazama, lenye kila mwezi kwenye ukurasa wake, kisha linawagomea wanapotaka jumla ya mwaka.

Orodha ikiwa imekaa hivyo, simama popote ndani yake ubonyeze Ctrl+Shift+L. Vishale vidogo vitatokea kwenye vichwa vya safu. Bofya kishale cha jina, chagua mwanachama mmoja, na utayaona malipo yake yote. Ukivichagua visanduku vya kiasi vinavyoonekana, jumla yake inasomeka chini kabisa ya dirisha, kwa hiyo huna haja ya kikokotoo. Ukitaka jumla ya kila mtu ikae pembeni muda wote, andika majina ya wanachama kwenye safu F kuanzia F2, na kwenye G2 uweke =SUMIF(B:B,F2,C:C), kisha shika kona ya chini ya kisanduku hicho uivute hadi jina la mwisho. Ambaye hajalipa chochote atasomeka 0. Ili jumla iwe ya mwezi huu tu, kwenye G2 weka =SUMIFS(C:C,B:B,F2,A:A,">"&EOMONTH(TODAY(),-1)) badala yake.

Angalia majina pia. Kwa Excel, "Rehema Ally" na "Rehema Ali" ni watu wawili. Namba ya uanachama ni salama kuliko jina. Na orodha ikiwa ndefu, nenda View, Freeze Panes, Freeze Top Row, ili vichwa visikupotee unaposhuka. Tarehe ya leo usiichape, bonyeza Ctrl pamoja na alama ya nukta-mkato (;), itajiandika.

Nikiongeza ukurasa mmoja kwenye ripoti, orodha ya yaliyomo inakosea namba zote. Nirekebishe moja moja?

Usirekebishe hata moja. Futa orodha ya yaliyomo uliyoichapa kwa nukta nukta, kisha rudi kwenye ripoti yenyewe. Simama kwenye kila kichwa cha sura ubonyeze Ctrl+Alt+1, na kwenye kila kichwa kidogo Ctrl+Alt+2. Rangi na fonti zitabadilika, usiogope: kwenye orodha ya Styles juu, bofya Heading 1 kwa kitufe cha kulia, chagua Modify, weka fonti ambayo chuo chako kinataka, na vichwa vyote vitafuata kwa mkupuo. Kisha nenda References, Table of Contents, uchague muundo. Siku ukiongeza kurasa, bofya juu ya yaliyomo, bonyeza F9, chagua kusasisha yote.

Sura mpya ianze ukurasa mpya kwa Ctrl+Enter. Kubonyeza Enter mara ishirini mpaka ukurasa uishe ndiko kunakofanya kila kitu kiteremke ukiongeza sentensi moja huko juu.

CV yangu ni nzuri kwenye kompyuta yangu, lakini kwa mwajiri inafunguka imevurugika.

Tuma PDF, usitume Word. Bonyeza F12, na kwenye "Save as type" uchague PDF. Faili la Word hupangwa upya kulingana na fonti zilizopo kwenye kompyuta inayolifungua, lakini PDF inabaki ilivyo. Faili lipe jina lako, si "CV mpya mwisho 3". Anayepokea CV mia moja atalitafuta kwa jina lako.

Mfumo wa maombi unakataa cheti changu, unasema faili ni kubwa mno.

Mara nyingi cheti kimepigwa picha na simu ya kamera kubwa au kimeskaniwa kwa ubora wa kupita kiasi. Mwambie anayekuskania aweke 150 au 200 dpi (wingi wa nukta kwenye kila inchi), na rangi ya kijivu kama mfumo hauhitaji rangi. Ukiipandisha dpi mara mbili, nukta za picha zinakuwa mara nne, na ndiyo maana 600 dpi inatoa faili zito namna ile wakati kwenye skrini huoni tofauti. Kama picha iko ndani ya Word, ibofye, nenda Picture Format, Compress Pictures, uchague 150 ppi, ndipo uitoe kama PDF. Kabla ya kupandisha, fungua PDF uikuze, uone kama namba ya cheti inasomeka.

Picha ya cheti nikiituma WhatsApp inafika na ukungu.

WhatsApp hupunguza picha ili isafiri kwa bando dogo. Bofya alama ya kuambatisha, chagua Document badala ya Gallery, itafute picha uitume kama hati. Itafika ilivyo. Tukiletewa picha za kuprinti huwa tunaomba zitumwe kwa njia hii. Na kama unataka kujitumia faili kutoka simu kwenda kompyuta, huna haja ya kumsumbua rafiki: WhatsApp inakuruhusu kujitumia ujumbe mwenyewe. Fungua mazungumzo mapya, jina lako litakuwa kwenye orodha.

Nikiandika Kiswahili, Word inapiga mistari myekundu kila neno.

Inakusahihisha kwa Kiingereza. Bonyeza Ctrl+A kuchagua maandishi yote, nenda Review, Language, Set Proofing Language, uchague Kiswahili. Kama kikagua tahajia cha Kiswahili hakijawekwa kwenye kompyuta yako, mistari itatoweka tu, na hiyo nayo ni nafuu. Kwenye simu, ongeza Kiswahili kwenye mipangilio ya Gboard, kibodi ya Google, la sivyo itaendelea kukubadilishia maneno. Google iliongeza uwezo wa kuandika Kiswahili kwa sauti mwaka 2017. Bonyeza alama ya maikrofoni, uongee taratibu. Ninawashauri sana watu wa vidole vizito na wazee wetu waijaribu. Alama za uandishi utaweka mwenyewe baadaye.

Nikiunganisha kompyuta na hotspot ya simu, bando linaisha ndani ya muda mfupi.

Windows ikiona Wi-Fi inadhani intaneti haina kikomo, inaanza kushusha masasisho. Ifahamishe kuwa unalipia: Settings, Network & internet, bofya jina la mtandao uliounganishwa, uwashe "Metered connection". Itakumbuka mpangilio huo kila ukirudi kwenye hotspot ileile. Kwenye WhatsApp nenda Settings, Storage and data, na chini ya "When using mobile data" ondoa alama zote. Video za makundi zitasubiri mpaka uzibofye. Hapohapo kwenye Manage storage utaona ni kundi gani limejaza simu. Anza kufuta video kubwa, ukiacha picha za familia mwisho.

Nijifunze vitufe gani? Nimeambiwa viko mamia.

Ctrl+C na Ctrl+V unavijua. Ongeza Windows+V. Mara ya kwanza itakuomba ruhusa ya kuiwasha, kisha itakutunzia hadi vitu 25 ulivyokopi, uchague unachotaka kubandika. Kwa anayejaza fomu za watu kutwa nzima kama sisi, hicho kimoja kimetupunguzia kazi kuliko vingine vyote. Kingine ni Ctrl+Shift+T, kinachorudisha ukurasa wa Chrome ulioufunga kwa bahati mbaya. Windows+Shift+S hukata picha ya sehemu ya skrini. Na ukigundua umechapa aya nzima kwa HERUFI KUBWA, ichague kwenye Word, ubonyeze Shift+F3.

Nilituma barua pepe kabla haijakamilika. Inarudishika?

Kwenye Gmail ndiyo, ila kwa sekunde chache tu. Fungua mipangilio kwenye kompyuta, tafuta "Undo Send", uipandishe hadi sekunde 30.

Nikitumia kompyuta ya steshenari, nifanye nini kabla ya kuondoka?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko inavyotakiwa, nami nalijibu hata nisipoulizwa. Tunakuta akaunti za barua pepe ziko wazi, vitambulisho vimelala kwenye folda la Downloads, na WhatsApp ya mtu inaendelea kuingiza ujumbe mteja akiwa ameshapanda daladala. Tunafunga na kufuta, lakini usimtegemee mwenye duka.

Ukikaa tu, bonyeza Ctrl+Shift+N kwenye Chrome ufungue dirisha la faragha, ufanyie humo kila kitu. Kivinjari kikikuuliza kama kitunze nywila, kataa. Ukimaliza, futa ulichopakua kwa Shift+Delete ili kisiende kwenye pipa la taka, kisha funga madirisha yote ya faragha. Kwenye simu fungua WhatsApp, Linked devices, uiondoe kompyuta ile. Kama umeshafika nyumbani ndipo ukakumbuka, bado hujachelewa: kwenye akaunti yako ya Google nenda Security, Your devices, uitoe kompyuta hiyo ukiwa hukohuko.

Je, ni lazima ninunue Microsoft Office?

Si lazima. LibreOffice ni ya bure kisheria, inafungua na kusevu mafaili ya Word na Excel, na inafanya kazi bila intaneti. Watu wetu waliifanyia kazi familia hii ya programu zamani: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa OpenOffice ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, na LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice. Ninachokusihi uepuke ni Office ya kuvunjwa kufuli, ile ya kuambiwa "zima kwanza kinga ya virusi ndipo uiweke". Kompyuta nyingi tunazoletewa zikiwa zimechoka zilianzia hapo.

Nikikwama kabisa, nije na nini?

Njoo na maneno ya kosa lenyewe kama yalivyo kwenye skrini. Yakate kwa Windows+Shift+S, uyabandike kwenye WhatsApp. "Imegoma" haituambii kitu, lakini mstari mmoja wa kosa mara nyingi unatosha kutuonyesha pa kuanzia. Na kama kuna kazi ambayo hujaisevu, usiizime kompyuta. Iache ilivyo, utupigie kwanza.